Primidoni ya miligramu 50: nyota nne, ya tano nimeizuia makusudi

Dawa: primidoni, vidonge vya miligramu 50. Nimeitumia mwaka mmoja na miezi minne, kwa ajili ya mikono inayotetemeka. Sina kifafa, ingawa kifafa ndiyo kazi yake ya asili. Naipata kwa cheti cha daktari, duka la dawa la mtaani kwangu, hapa Reading, Uingereza. Nyota nne kati ya tano.

Nimetanguliza hayo kwa sababu najua wengi husoma mistari mitatu wakaondoka zao. Mliobaki vuteni viti, maana nina maneno.

Mimi ni mchora hina. Mchana nipo jiko la shule napakua viazi, lakini watu wananijua kwa hina na piko za maharusi. Nilianza Tanga, Ngamiani, nina miaka 14, namshikia bibi yangu bakuli na kusafisha pembeni kwa kijiti cha ndimu. Huku nimekuja nayo. Mkono mmoja wa bibi harusi, kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko, ni saa mbili za kushusha uzi mwembamba wa hina juu ya ngozi ya mtu, na uzi huo ukishagusa ngozi haufutiki. Ukikosea umekosea mbele ya mama mkwe.

Nilipofika miaka 52 mkono wa kulia ukaanza kucheza. Ukiwa mapajani umetulia tuli. Nyanyua kikombe, au elekeza koni kwenye kiganja cha mtu, ndipo unaanza ngoma yake. Nikajitungia ujanja: kila mstari ulioyumba naugeuza jani. Maharusi wangu wa miaka ile wote wamejaa majani, picha zipo. Mama mmoja akanisifu, "Dada, siku hizi una mtindo mpya." Nikamjibu ndiyo, ndiyo fasheni.

Baba yangu alikuwa hivyohivyo. Barazani kikombe cha kahawa alikishika kwa mikono miwili, na kisahani kikilia kama njuga za ngoma. Kila mtu mtaani alikuwa na jibu lake. Wengine uzee, wengine jicho la watu, jirani mmoja akashikilia kuwa ni kahawa yenyewe imemwingia kwenye mishipa. (Huyo wa kahawa, kumbe, hakukosea sana: kahawa na chai ya rangi kali huzidisha mtetemeko kwa wengi wetu. Ila hazikuuleta.) Baba alikufa bila mtu kumwambia kuwa ugonjwa wake una jina na hurithiwa.

Jina lenyewe huku wanaliita esenshali trema. Si Parkinson, ule ugonjwa mzito wa ubongo ambao nao hutetemesha mikono. Nalitaja hilo kwa herufi zote kwa sababu nililala miezi mitatu nikijiaga kimoyomoyo, nadhani ni Parkinson. Daktari wa mishipa ya fahamu alinieleza tofauti kwa mkono wake mwenyewe: mtetemeko wa Parkinson mara nyingi huonekana mkono ukipumzika, wa kwangu huja mkono ukifanya kazi. Akanipima damu kuona tezi ya shingo isije kuwa ndiyo mkorofi. Akaniuliza kuhusu bomba langu la buluu la pumu, maana dawa iliyomo humo nayo hutetemesha mikono. Akauliza, uso mkavu kabisa, kama nikinywa pombe mtetemeko hupungua. Nikamwambia daktari, hapo sina la kukujibu. Akacheka, akasema ni swali la kawaida, kwa wengi wenye ugonjwa huu glasi moja hutuliza mikono kwa muda. Kisha kesho yake mikono hulipa deni, kwa hiyo si tiba.

Halafu akanipa karatasi na kalamu, nichore konokono: mviringo unaoanzia katikati na kuzunguka kwenda nje. Jamani. Mimi nimechora konokono maelfu kwenye viganja vya watu. Yule niliyemchorea daktari alikuwa kama amechorwa ndani ya daladala kwenye barabara ya mashimo. Sikulia pale. Nililia kwenye basi.

Sasa dawa. Inayotangulizwa mara nyingi kwa mtetemeko huu ni propranololi. Mimi nina pumu tangu utoto, na propranololi huweza kumbana pumzi mwenye pumu hadi ikawa hatari, kwa hiyo mlango huo ulifungwa siku ileile. Nasema hapa kidogo nje ya mada: nimeona watu wakigawiana propranololi kabla ya usaili wa kazi, eti hutuliza moyo. Kwa mwenye pumu hiyo ni kitanzi. Muulizeni mwenzenu kwanza.

Ikabaki primidoni. Ni dawa ya kifafa ya miaka ya 1950, na alivyonisimulia daktari, ilijulikana kuwa hutuliza mikono kwa bahati tu: madaktari wa Uingereza walikuwa na mgonjwa wa kifafa ambaye pia alikuwa na mtetemeko wa ukoo, wakampa primidoni ya kifafa, mikono nayo ikatulia. Waliliandika mwaka 1981. Na ini likiipokea primidoni, sehemu yake huigeuza fenobarbitali, dawa nyingine ya kifafa.

Nilipolisikia neno hilo nilishtuka. Fenobarbitali naijua kuliko ninavyoijua mimea ya bustani yangu. Mdogo wangu, Tanga, anaimeza tangu ana miaka 6, alipopata malaria ya kupanda kichwani na baadaye kuanza kuanguka. Nimevuka bahari, nimekaa nchi ya watu miaka 27, nikaja kupewa binamu yake. Nitarudi kwa mdogo wangu, maana alinifunza mengi kuliko kijikaratasi cha ndani ya boksi.

Usiku wa kwanza ndio ulioondoa nyota ya tano.

Kwenye boksi iliandikwa kidonge kimoja usiku. Miligramu 50, dozi ya mtoto, nikasema. Nikaswali isha, nikameza, nikapanda kulala. Saa saba usiku nikaamka kwenda msalani na chumba kikaanza kuzunguka. Siyo kizunguzungu cha kuinuka haraka. Ni kama niko ndani ya dau, bahari imechafuka, na mimi ndiye nanga. Nilitambaa. Nilitapika mara nne. Baba watoto akataka kupiga simu ya dharura, nikamzuia kwa sababu naona aibu, kosa ambalo msilifanye. Asubuhi nilitembea nimeshika kuta, maneno yakitoka mdomoni kama nina pipi ya mnazi chini ya ulimi, na jiko la shule sikwenda siku mbili.

Nilipiga simu duka la dawa. Mfamasia, binti mdogo tu, akaniambia kitu ambacho natamani ningeambiwa kabla: primidoni ina tabia hiyo kwa baadhi ya watu. Dozi ya kwanza kabisa, hata ndogo, humpiga mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana nayo, halafu kwa wengi hupoa ndani ya siku chache. Haimaanishi una mzio. Mzio ni upele, kuvimba uso, homa na vidonda mdomoni, na hivyo ukiviona huongezi kidonge kingine, unakwenda hospitali. Akazungumza na daktari wangu, wakakubaliana nianze na nusu kidonge, nikae nayo wiki nzima, ndipo nipande kimoja, na hivyo polepole. Wapo madaktari wanaoanzisha kwa nusu tangu mwanzo. Wa kwangu hakufanya hivyo, nami simlaumu sana, ila kumwambia mtu "usiku wa kwanza unaweza kuwa mbaya, usiwe peke yako, usipande ngazi, kesho yake usiendeshe gari" kunachukua sekunde kumi.

Ningeacha dawa siku ile. Naandika haya kwa ajili ya wale watakaotaka kuiacha siku hiyo.

Nusu kidonge ilinipa usingizi mzito na kichwa cha pamba hadi saa nne asubuhi, basi. Wiki ya pili pamba ikapungua. Funguo za gari zilikaa kwa baba watoto wiki tano, mpaka nilipojiona macho yangu ni yangu. Nikapanda kimoja, kimoja na nusu, viwili. Wiki ya sita nilikuwa jikoni namimina chai, nikasikia ukimya. Nikageuka nione nani kaingia. Hakuna mtu. Kilichonyamaza ni kisahani.

Msinielewe vibaya, haiponyi. Mkono wangu haukurudi ulivyokuwa Ngamiani. Kwa hesabu yangu mwenyewe mtetemeko umepungua zaidi ya nusu, na nusu iliyobaki hutoka nikiwa na njaa, nikikosa usingizi, au shemeji akinikasirisha. Sauti yangu, ambayo nayo ilianza kuyumba, haikubadilika hata kidogo. Na nilipojaribu kufika vidonge vinne nikawa nasahau majina ya watoto wangu, tukashuka vitatu. Hapo ndipo nimekaa. Msinakili kipimo changu. Mwenye kifafa hutumia kiasi kingine kabisa, kikubwa kuliko hiki mara nyingi, na hukigawa mara mbili kwa siku.

Kitu kimoja sikutarajia kukisifu ni Ramadhani. Kwa kuwa naimeza yote usiku, funga haikunisumbua. Wanaomeza mara mbili wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Msisubiri siku ya tatu ya funga.

Sasa mdogo wangu.

Fenobarbitali ni kongwe. Daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliitoa kwa wenye kifafa mwaka 1912, na mpaka leo kwetu Afrika Mashariki ndiyo nguzo kwa sababu ni rahisi na humezwa mara moja kwa siku. Mdogo wangu akiwa na miaka 19 alikuwa amekaa miaka miwili hajaanguka. Mzee mmoja wa ukoo akatangaza kapona, dawa za hospitali zinamzeesha kijana, zitupwe. Zikatupwa. Siku ya tano akaanguka, akazinduka nusu, akaanguka tena, na tena, bila fahamu kurudi katikati. Nilikuwepo. Kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi kabla mtu hajazinduka, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali, na sisi tulipoteza saa nzima tukitafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Kijiko hakitakiwi. Humvunja meno, hakifanyi lingine. Hutakiwa alazwe ubavu, kichwa kilazwe juu ya kitu laini, vitu vya kumuumiza visogezwe. Na wale majirani waliosimama mbali wakiogopa povu, mate ya mwenye kifafa hayaambukizi kitu.

Alipona. Ila tangu siku hiyo nyumbani kwetu neno "kuacha dawa" hutamkwa kama neno la matusi.

Ndiyo maana nilichokifanya mwaka jana ni aibu kubwa. Binti wa mdogo wangu alikuwa anaolewa, na hina ya bibi harusi, shangazi yupo, nani mwingine atachora? Nikasafiri. Boksi la primidoni nikalitia kwenye begi kubwa, pamoja na zawadi. Nimeshuka Dar es Salaam, begi halipo. Shirika la ndege sitalitaja; walinipa karatasi na tabasamu. Nikaenda Tanga na pochi, pasipoti na vidonge sifuri.

Usiku wa kwanza nikasema si neno. Usiku wa pili mkono ulianza kurudi kwenye ngoma. Mdogo wangu akaniona nikishika glasi, akaleta bahasha yake ya khaki.

"Dada, chukua zangu. Si ulisema mwenyewe ini linaigeuza kuwa hii hii?"

Ni kweli nilisema. Nililisema kwa majigambo, kwenye simu, kama msomi. Na mkono wangu ulishakwenda kwenye bahasha.

Kilichonizuia ni hesabu. Vidonge vyake vilikuwa vimehesabiwa mpaka tarehe ya kliniki. Nikichukua vinne, siku nne za mwisho wa mwezi yeye hana, na tunajua siku ya tano huja na nini. Asubuhi tukaenda hospitali pamoja. Daktari kijana akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia miligramu za primidoni na za fenobarbitali hazilingani, huwezi kubadilisha kidonge kwa kidonge kama sarafu. Tena primidoni yenyewe, kabla haijageuzwa, ina kazi yake, na inavyoelekea hiyo ndiyo inayotuliza mikono, kwa hiyo fenobarbitali ya mdogo wangu ingenilaza usingizi na mikono ikabaki inacheza. Akaendelea: primidoni hutoka mwilini haraka, ndiyo maana mtetemeko umewahi kurudi, lakini ile fenobarbitali iliyojengeka hutoka polepole, siku nyingi, na kukatika ghafla kunaweza kumletea kifafa hata mtu ambaye hajawahi kuanguka maisha yake yote. Hilo sikulijua. Nilidhani hatari ya kuacha ni ya mdogo wangu peke yake, mimi ni wa mikono tu.

Akasema begi lisipofika kesho nirudi anipangie cha kufanya. Begi likafika kesho yake kwa basi, jioni. Nikataka kumeza tisa kufidia siku tatu. (Ndiyo, mimi ninayewaandikia nyinyi nasaha.) Daktari alikuwa ameshaniambia dozi iliyopita hairudufiwi, nami nikafuata ngazi aliyoniandikia: kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Hina ya yule binti nilichora na mkono kama ule wa wiki yangu ya nne ya dawa, kwa msaada wa binamu zake wawili. Majani yalikuwa mengi.

Tangu hapo dawa yangu husafiri kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya boksi lake lenye jina langu, na barua ya daktari, na akiba ya wiki mbili zaidi ya safari. Fenobarbitali ni dawa inayodhibitiwa kisheria nchi nyingi, na ofisa wa uwanjani hana haja ya kujua mambo ya ini lako, mwonyeshe barua.

Kabla ya safari hiyohiyo kulikuwa na jambo jingine. Kliniki ya wasafiri walitaka kunipa doksisaiklini ya kujikinga na malaria. Nikataja primidoni, muuguzi akasimama, akaenda kusoma kwenye kompyuta, akarudi na dawa nyingine. Kundi hili la dawa huliamsha ini likafanya kazi kwa pupa, likazivunja dawa nyingine kabla hazijafanya kazi yake, na doksisaiklini ni mojawapo. Orodha ni ndefu: vidonge vya uzazi wa mpango (mtoto wa rafiki yangu, anayemeza primidoni kwa kifafa, ana mtoto wa miaka miwili ambaye ni ushahidi wa hilo, tunampenda sana), dawa za kuzuia damu kuganda, baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Yangu ya presha, amlodipini, ilibidi iangaliwe upya kwa sababu presha ilianza kupanda bila mimi kubadilisha chumvi. Upande wa pili, pombe, dawa za usingizi na dawa kali za maumivu huongezeana nguvu nayo, na hapo kinachosimama ni pumzi. Mwanamke anayepanga kubeba mimba aende kwa daktari kabla ya mimba, na akishabeba asiiache mwenyewe usiku mmoja kwa hofu. Na kuna ugonjwa mmoja wa damu wa kurithi, pofiria, ambao mwenye nao haruhusiwi kuigusa kabisa.

Kuhusu moyo kuwa mzito: mwezi wa tatu nilipata huzuni isiyo na mlango. Nilidhani ni baridi ya Januari. Binti yangu ndiye aliyesoma kijikaratasi akanionyesha kuwa dawa za kifafa zote zina onyo hilo, mawazo ya kujidhuru yakiwemo, na kwamba linasemwa mapema, halisubiriwi. Nikalisema. Tukakaa bila kupandisha mpaka likapita. Sisi watu wa pwani hili tunalificha kama deni.

Nyota ya nne ilikuwa karibu kuondoka nayo, kwa kosa ambalo si la dawa. Duka fulani, si la mtaani kwangu, siku moja lilinipa boksi la primidoni ya miligramu 250. Jina lilelile, na mimi nimezoea kumeza vitatu bila miwani. Vitatu vya pale ni miligramu 750, na kwa mtetemeko hicho ndicho kilele cha siku nzima, tena cha mtu aliyepandishwa kwa wiki. Kilichoniokoa ni ukubwa wa kidonge. Nilikihisi kwenye vidole, nikaenda kuvaa miwani. Nikirudisha, waliomba radhi vizuri. Siku hizi nafungua boksi palepale kaunta na foleni nyuma yangu isubiri. Mwenye kifafa ana sababu moja zaidi ya kufungua: huku madaktari hupendelea abaki na primidoni ya kiwanda kilekile, kwa hiyo boksi likibadilika sura aulize kabla ya kuondoka.

Bei. Kwa England kila dawa kwenye cheti ni pauni 9.90. Mwenye kifafa anayemeza dawa daima hupewa kadi ya msamaha, halipi kitu. Mimi wa mikono peke yake siingii humo, na miaka 60 sijafika, basi nalipa. Natumia ile kadi ya malipo ya mwaka mzima kwa kuwa nina bomba la pumu na ya presha pia. Kwa dawa moja tu ya kila mwezi bado huna faida nayo kubwa, piga hesabu kwanza. Vidonge ni vidogo, vyeupe, havina ladha ya kusimulia. Vya kwangu vinakatika nusu kwa kisu cha vidonge. Kwa kisu cha jikoni utapata robo tatu na unga.

Ningempendekezea mtu? Aliye na mtetemeko unaomzuia kazi, asiyeweza propranololi, mwenye daktari anayepokea simu, ndiyo. Mwenye mtetemeko unaomwaibisha harusini tu, mara mbili kwa mwaka, asijisumbue. Hii ni dawa ya kila usiku na ini lako litaijua.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na bibi harusi kutoka Slough, mama yake wa Mombasa. Alikuja na simu, picha zangu za zamani zote kazihifadhi, anataka vilevile, mikono yote miwili, majani matupu. Nikamwambia mwanangu, majani nimeyachoka, tulia nikuchoree konokono.